Khan Aliyepanda Farasi Akarudi Kwao

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe kumi na nne mwezi wa tatu, saa tatu na robo asubuhi, na aliyeyaharibu hakuwa hata kwenye chumba cha kazi. Alikuwa meneja, huko ghorofani, ambaye alitaka nafasi stoo ya kuweka viti vipya vya wageni, akaamuru karatasi zilizorundikwa ukutani zisogezwe. Katika kusogezwa huko, fungu la sita la kitabu cha historia cha shule likaishia kona ya stoo, nyuma ya viti. Wakubwa wakisogea kidogo, wadogo hukanyagwa.

Kitabu hakizaliwi kizima. Karatasi kubwa huchapwa, ikakunjwa, ikawa fungu la kurasa kumi na sita. Mafungu hupangwa kwa zamu juu ya meza ndefu, na wafanyakazi huizunguka meza hiyo wakiokota moja moja mpaka kitabu kitimie, ndipo kishonwe na kupakwa gundi. Ili mtu asiruke, kiwanda kile cha uchapaji kilikuwa na desturi yake: unaokota, unaita. “Moja!” “Mbili!” Meza nzima inaimba kama chekechea, mikono inafuata masikio, macho yanapumzika.

Sita ilikuwa ya mke wa Gundi. Miaka kumi na minane alisimama pale akiongoza mwito huo kwa sauti iliyowashtua panya wa stoo. Gundi, aliyepewa jina hilo kwa kuwa vidole vyake havikuwahi kutakata, alisimama upande wa pili, na uchumba wao wote ulipita juu ya meza ile, kwa macho. Kifua kilipomwondoa mama wa watu, mwaka juzi, meneja hakuajiri mtu wa kushika nafasi yake. “Jikazeni,” alisema. Wakajikaza. Lakini hakuna aliyepata moyo wa kuita sita. Wakifika hapo walinyamaza pumzi moja, wakaokota kimya, wakaendelea. Haikupangwa na mtu. Ilitokea tu, ikawa sheria.

Jumanne ile Gundi ndiye aliyepanga meza. Alihesabu kimoyomoyo: nne, tano, akanyamaza, saba. Hata moyoni alinyamaza. Na wenzake walipozunguka, walinyamaza vilevile, wakaokota la saba, wakasonga mbele.

Mzee Kisu, mkataji wa kingo, alikipima kitabu cha kwanza kiganjani. “Hiki kimekonda.”

“Wamepunguza uzito wa karatasi tena,” Gundi akamjibu. “Hujawazoea tu hao wa juu?”

Watu wakacheka, kesi ikaisha. Vitabu elfu tatu vikapakiwa, vikaenda mashuleni.

Wiki tatu baadaye, saa ya chakula, mlango ulisukumwa kwa nguvu. Binti yake Gundi, mwalimu wa historia, aliingia mbio, chaki begani, furushi la madaftari kwapani, anahema na kucheka kwa pamoja.

“Baba! Mmeifanya nini historia?”

“Pumua kwanza, mama. Nani kafa?”

“Hakuna aliyekufa, hilo ndilo tatizo!” Akafungua kitabu ukurasa wa themanini, akasoma kwa sauti: “‘Mwaka 1206 wakuu wa nyika walikutana, wakamteua Chinggis kuwa Khan wa Wamongolia wote. Naye akapanda farasi wake,’ sasa nafunua, sikilizeni, ‘akarudi nyumbani salama, akawasimulia majirani aliyoyaona safarini.’”

Mzee Kisu akaacha kutafuna.

“Huyo aliyerudi ni mfanyabiashara mwingine kabisa, wa karibu miaka mia baadaye!” Binti akaupiga ukurasa kwa kiganja. “Ukurasa wa themanini, halafu tisini na saba. Vita vyote, miji yote iliyochomwa, Merv, Samarkand, Kiev, Baghdad, milki nzima ya farasi, hakuna!”

“Kwa hiyo Khan alipanda farasi akaenda kusalimia tu?” aliuliza Mama Sindano, mshonaji, na hapo hapo maji yakampalia.

Gundi hakucheka. Alikishika kitabu, akahesabu mafungu kwa ukucha mgongoni mwake. Tano. Saba. Hili lilikuwa kosa la kumtoa mtu kazini, tena yeye ndiye aliyepanga meza. Na mbali na meza ile, kilichobaki cha mke wake angekiona wapi?

“Meneja anajua?” aliuliza.

“Bado. Lakini, Baba, hebu sikia darasani kilichotokea.” Macho yalimwaka. “Mtoto mmoja kanyoosha mkono: ‘Mwalimu, sasa huyu walimchagua wa nini?’ Nikawaeleza ukweli, kwamba watu wake waliteka kuanzia bahari ya China mpaka mlangoni mwa Ulaya. Unadhani walitaka kurasa zao? Wapi! Wakaniambia, mwalimu, na kama kitabu ndicho kiko sahihi? Na kama kweli alirudi nyumbani? Wameandika siku tatu, kengele inalia hawatoki!”

Akayamwaga madaftari mezani, juu ya mabaki ya chakula. Wakayagombania kama wanaogawana nguo mpya.

“‘Mwaka 1258,’” Mzee Kisu akasoma, akifuatisha kidole, “‘Baghdad iliamka kama kawaida. Mtunza maktaba alikuwa mkali kwa sababu mtu alirudisha kitabu kikiwa na mafuta.’ Hahaa! Huyu mtoto anatujua!”

“Wangu huyu,” Mama Sindano akadakia. “‘Mfereji wa Merv haukubomolewa. Kwa hiyo mzee mmoja na jirani yake wakaendelea kugombania zamu ya maji miaka mingine arobaini.’”

“Ndiyo amani hiyo!” Gundi akajikuta amepaza sauti. “Hasa! Amani ni kugombana na jirani mkafika uzeeni nyote!”

Wenzake wakamtazama. Tangu msiba, Gundi alikuwa akisema mezani maneno matano kwa siku, na manne yalikuwa ya kulaumu.

“Ngoja kwanza,” alisema Chapa, kijana wa miaka hamsini aliyesimamia mtambo na kujiona msomi kwa sababu hiyo. “Hawa jamaa walifungua njia. Barua, biashara, maarifa kutoka China, vyote vilipita salama. Wasingekuja, huenda elimu ya kuchapa ingechelewa, na sisi hapa tungekuwa tunalima.”

“Wewe ulime?” Mama Sindano akamcheka. “Jembe lenyewe lingekukimbia.”

“Nasema kweli! Mabaya yalikuwepo, na faida ilikuwepo.”

Gundi akasimama, kiti kikaanguka nyuma yake. “Msimsifu mchoma nyumba eti majivu yamerutubisha shamba! Njia ilikuwa salama kwa nani? Kwa aliyebaki hai! Elimu ina miguu yake, Chapa. Ingefika polepole, mgongoni mwa mwenye punda, na yule mwenye punda angekufa kitandani kwake. Wakubwa wote ni hao hao, awe juu ya farasi, awe juu ya kiti cha kuzunguka. Akivunja anasema amejenga!”

“Piga makofi!” akasema Mzee Kisu, naye mwenyewe akapiga. Meza ikatetemeka. Chapa akang'aka, binti akang'aka zaidi, Samarkand ikasimama tena na kuta zake juu ya ganda la ndizi, mafundi wake wakabaki makwao badala ya kuswagwa kama mbuzi kwenda kumfanyia mgeni kazi. Hata Chapa alisahau upande aliokuwa nao, akaanza kuichorea Kiev mitambo ya kuchapa.

“Gundi.” Meneja alikuwa mlangoni, kitabu mkononi. Shule nyingine nazo zilikuwa zimepiga simu. “Juu.”

Gundi alipanda ngazi, na viatu vikamfuata nyuma: Kisu, Sindano, Chapa, na binti yake. Meneja hakuwaalika, lakini mlango haukufungika, kwa kuwa tumbo la Chapa lilikuwa katikati.

Barua ilikuwa tayari mezani. Kuachishwa kazi. Chini palikuwa na mstari mtupu: sababu ya kosa.

“Mafungu ya sita yapo stoo, bosi,” Gundi alisema, “yalikosogezwa kwa amri yako, nyuma ya viti vyako vya wageni. Vitabu virudi, tutafumua, tushone upya, siku nne. Na kila kitabu kiwekwe karatasi moja mbele ya fungu hilo, yenye swali la watoto: wasingekuja, dunia ingekuwaje? Wafikiri kwanza, ndipo wasome.”

Meneja alitaka kukataa. Akalitazama daftari ambalo binti alikuwa amemfunulia chini ya pua, lile la mtunza maktaba mkali. Mdomo ukamcheza pembeni.

“Hilo la karatasi... sawa. Lakini lazima mtu awajibike. Wewe ulipanga meza.”

“Nilipanga mimi. Sikatai. Andika sababu: alifika kwenye sita akanyamaza.”

“Kwa nini unyamaze?”

Mama Sindano akashindwa kuvumilia. “Tulinyamaza wote, bosi! Utuandike wote!”

Feni ilikuwa ikizunguka taratibu juu ya kichwa cha meneja. Gundi aliitazama. Hakuwa na woga, alikuwa na furaha ile ile ya mezani, inayokuinua kitini.

“Feni hiyo tuliiomba sisi, kwa barua yenye sahihi zetu, kwa ajili ya vumbi la karatasi na moshi wa gundi. Mke wangu alishaanza kukohoa. Ilipofika, ikapanda ngazi. Wanafunzi wa binti yangu wamenifundisha leo: unaondoa jambo moja, unaiangalia dunia ikijipanga upya. Basi ondoa ngazi hizo. Nina swali moja. Ukinijibu kwa haki, kalamu hii hapa, natia sahihi.” Akauliza.

Siku tisa zimepita. Vitabu vimeshonwa upya, na shule tatu zimeomba karatasi za swali zaidi. Gundi yuko mezani. Barua iko pale pale juu, haina sahihi yoyote, na meneja ameanza kutumia mlango wa nyuma. Haumsaidii. Kila asubuhi humkuta Mama Sindano amesimama hapo, sindano kifuani, uso mkunjufu kama mtu wa harusini.

“Habari za asubuhi, bosi. Tumelala salama, tunashukuru. Sasa, lile swali la Gundi: feni ingebaki chini, yule mama angekuwa wapi leo?”