Chai ya Mheshimiwa

Mombasa nzima ilimjua Gunga. Mchana alikuwa hamali wa soko la Marikiti, akisukuma mkokoteni wa vitunguu. Jumapili jioni yumo ndani ya televisheni na watu wanashika mbavu. Kahindi hakuna aliyemjua, na yeye ndiye aliyekuwa akiyatunga yale yote.

Ndivyo walivyopatana tangu mwaka wa tisini. Kahindi alikuwa karani wa kampuni moja ya kutoa mizigo bandarini Kilindini, na tajiri wake hakutaka kusikia karani ana kazi ya pembeni. Gunga naye hakujua kusoma. Basi kila Jumamosi Gunga humuaga mkewe kwamba aenda kucheza bao, akaja chumbani kwa Kahindi, nyuma ya barabara ya Ndia Kuu. Kahindi husema sentensi, Gunga huidaka kwa sikio, hadi kichekesho kizima kimwingie. Hakuna kipande cha karatasi. Kahindi alijivuna kwa hilo. Alisema anayakata maneno kwa kipimo cha mdomo wa Gunga, kama fundi akatavyo kanzu.

Lililowaponza ni chai. Mwezi wa tatu mwaka wa tisini na nne, Kahindi alipeleka hati kwa mkubwa mmoja wa mji, ambaye sina haja ya kumtaja. Chai ikaletwa. Mkubwa akamsogezea Kahindi kikombe chake mwenyewe. "Onja," akamwambia. Kahindi akaonja. Mkubwa na mlinzi wake wakamkodolea macho dakika tano nzima, waone kama ataanguka, ndipo mkubwa akanywa. Mle chumbani walikuwamo watu watatu tu: mkubwa, mlinzi wake, na Kahindi.

Mwenye akili zake angefunga domo. Lakini mtunzi wa vichekesho ni mtu mlafi, akipata kitu kitamu hakimkai moyoni. Haukupita mwezi, Gunga akaonekana kwenye televisheni juu ya kiti kikubwa, anamwonjesha chai yake mpishi, dereva, mke, hata paka, mpaka kikombe kikakauka. Akapiga meza ngumi: "Nani kaninywea chai yangu?"

Mji ulicheka siku tatu. Siku ya nne wanaume wawili waliovaa suti walikwenda Marikiti wakamuuliza Gunga, kwa adabu kabisa, habari za ile chai alizipata kwa nani. Gunga akasema katunga mwenyewe. Kesho yake walirudi na gari, wakaondoka naye.

Mdomo huponza kichwa, husema watu. Hapa kichwa kilikuwa cha mmoja na mdomo wa mwingine, na kilichochukuliwa ni mdomo. Kahindi aliendelea kwenda kazini. Kila simu ilipolia, alingoja mwingine aipokee. Zilipita siku nne bila mtu kumbishia mlango, naye akaelewa maana yake: Gunga alikuwa anaulizwa jina la aliyetoa siri, kama ni mlinzi au karani, na hajalitaja. Wanamuulizaje, hilo Kahindi hakutaka kulifikiri. Aliona haya, ila haya zenyewe hazikumzuia kula.

Siku ya tano alasiri, Kahindi ametoka kazini, akaja chumbani kwake Kanze, mkewe Gunga, ambaye alimjua kuwa mcheza bao mwenzake mumewe.

"Karibu, shemeji. Keti."

"Sikai. Nimekwenda polisi mara tatu, wasema hawamjui. Leo mmoja kanionea huruma, kanambia ile chai imemuudhi mkubwa, nimpelekee barua ya msamaha, mume wangu akiri maneno ni yake, hakutumwa na mtu. Nawe ni karani, shemeji. Niandikie."

Kahindi alihisi nafuu, nafuu mbaya ya mtu aliyefunguliwa mlango wa nyuma. Aliandika mbio, na kwa kuwa alikuwa fundi, akaandika vizuri. Kisha akamsomea:

"Mheshimiwa, kichwa changu kimebeba magunia miaka ishirini. Gunia likikandamiza sana, vilivyomo ndani hutoka vyenyewe..."

"Hebu soma tena hapo pa gunia," Kanze alisema.

Akasoma tena.

"Hivyo ndivyo asemavyo kwenye televisheni." Kanze alikuwa anamtazama usoni. "Nyumbani hasemi hivyo. Nimekaa naye miaka kumi na miwili, hajapata kunichekesha hata siku moja."

Kahindi aliikunja barua.

"Wewe umewahi kuingia kwa yule mkubwa?"

"Nimeingia."

"Ukainywa hiyo chai?"

"Niliionja."

Kanze hakupiga kelele, na kelele zingekuwa afadhali. Aliichukua ile barua mkononi mwa Kahindi, akaipasua vipande vinne, akavifunga kwenye pindo la leso.

"Vaa viatu, shemeji."

"Wataniua, Kanze."

"Na yeye je?"

Alitoka akasimama nje ya mlango, kumngoja. Kahindi aliinama kuvitafuta viatu vyake chini ya kitanda.