Kikao cha Nyuma ya Pazia

Mama Pindo alikuwa na mguu kwenye pedeli ya cherehani na hasira kooni. Simu ilikuwa imemletea ujumbe: programu ya vipimo, ile inayotunza viuno na mabega ya wateja wake mia nne, itafungwa mwisho wa mwezi kwa sababu wanaoilipia ni wachache mno. Daftari la karatasi alishaliwashia jiko siku nyingi. Programu ikizimika, msimu mzima wa sare za shule umekwenda na maji.

Mama Pindo si mtu wa kusahau. Mpaka leo anamkumbuka kwa sura askari wa manispaa aliyebeba meza yake, na ana hakika wakubwa wote wametoka tumbo moja. Akapiga namba ya huduma.

Alipokea mwanamume, nyuma yake mtoto akilia. Mama Pindo akamporomoshea: mmetuzoesha, mmeshiba, sasa mnatukimbia, nipe mkubwa wako.

"Mkubwa ndiye mimi, mama," sauti ikajibu. "Na mdogo ndiye huyu anayenimwagia uji."

Kampuni nzima ilikuwa pale, kwenye meza ya jikoni. Yule bwana akamwomba namba yake ya malipo. Mama Pindo akakohoa. Namba angeitoa wapi? Nakala yake ya programu ilichakachuliwa na shemeji yake, fundi simu wa duka la tatu kutoka lake, aliyewagawia bure mafundi cherehani wote wa mtaa.

"Ngoja," yule bwana akasema. "Namba hii ya simu naijua. Si wewe uliyeniandikia habari za mteja mwenye bega moja chini?"

Ndiye. Alidai bega la kushoto na la kulia yapimwe kila moja peke yake, na wiki haikuisha kipengele hicho kikawekwa. Hata asante hakutoa.

Hasira haikumtoka, ilibadilisha anwani tu. Miaka yote amegombana na watu wa "pindo dogo tu hili, nifanyie bure," kumbe naye ni mmoja wao. Akalipia yake palepale.

Mchana shemeji akaja na suruali iliyopasuka makalio. Akaivua, akaketi nyuma ya pazia na shuka kiunoni, akimtuliza: programu ikifa atamletea nyingine, ya bure vilevile.

Cherehani ikanyamaza.

"Na huu mshono, shemeji, unautaka bure?"

"Kwani mimi si wa nyumbani?"

"Na yule mwenye programu na mtoto ni wa wapi?"

Shemeji akajitetea kwamba programu si kitu cha kushika. Hakuna kitambaa kilichokatwa wala uzi uliotumika, ni hewa tu.

"Basi vaa hewa yako utoke nayo."

Akaikunja suruali, akaikalia. Masharti akayataja moja moja: shemeji ampigie kila fundi aliyemgawia, amweleze kazi ile ni ya nani na inalipiwa wapi. Wa kwanza akacheka. Wa pili akauliza kama amelewa. Shemeji akabembeleza, akaapa, mwishoni akasema ukweli wa hali yake, na huo ndio uliowavuta: wakaja dukani wenyewe kushuhudia, wakalipia huku wakichungulia.

Saa kumi simu ya Mama Pindo ikaita.

"Mama, huko kuna nini? Walipaji kumi na tisa wa mtaa wenu kwa mchana mmoja. Siifungi tena."

Mama Pindo akatupia jicho pazia.

"Tuna kikao, baba. Mjumbe mmoja bado hajaruhusiwa kusimama."