Hakuna SUBIRI Bila MPAKA

Nyakim hakutaka neno SUBIRI liwemo kwenye lugha yake. Aliibuni mwenyewe, lugha ndogo ya kuiamuru kompyuta kwa Kiswahili, katika darasa letu la Kakuma. Ilikuwa na maneno machache tu: WASHA, ZIMA, KAMA, RUDIA, MWISHO. Kila amri ilikaa kwenye mstari wake, na kila KAMA au RUDIA ilifungwa kwa MWISHO. Ukisahau, inakugomea. Mimi, Akiru, Mturkana mwenyeji wa hapo, nilikuwa mwanafunzi wake wa kwanza, na mbishi wake mkubwa.

"Programu yako inawasha pampu ya maji na kuizima papo hapo," nilimwambia. "Maji hayafiki hata kwa ndoo. Weka SUBIRI."

"Mimi nimezaliwa hapa kambini nikisubiri," akasema. "Sasa nifundishe na mashine?"

Tuligombana asubuhi nzima. Mwishowe akaliweka, lakini kwa sharti lake: SUBIRI haisimami peke yake. Usipoandika MPAKA na kitu baada yake, programu haiendi, na kwenye kioo linatokea swali: *Mpaka lini?* Ukiandika SUBIRI MPAKA ndoo imejaa, inakubali. Nilimcheka. Kumbe nilikuwa nimelipenda sharti lile kuliko nilivyotaka ajue.

Chuo kimoja cha Lodwar kilikuwa na nafasi moja ya ufadhili kwa atakayeonyesha programu nzuri, na Nyakim akaitwa. Lakini mkimbizi hatoki Kakuma bila kibali cha kusafiri, na chake kilikuwa kimelala mezani kwa mtu. Kila alipokwenda kukiulizia aliambiwa arudi kesho. Siku ya maonyesho ikafika, basi likapiga honi, naye akanisukumia laptopu kifuani.

"Enda wewe. Kibali yangu haijatoka. Sema tu ni ya nani."

Njia nzima sikutulia. Nilifungua laptopu, nikaifunga, nikaifungua tena, mpaka mama wa kiti cha pili akaniuliza kama nimeiiba.

Mkuu wa kozi pale chuoni, Bwana Adome, alinisalimu "Ejok", salamu yetu ya Kiturkana, na kuvuta kiti. Akaandika mwenyewe: WASHA pampu. SUBIRI. ZIMA pampu. Kioo kikamuuliza: *Mpaka lini?* Alicheka hadi akavua miwani.

"Hii error ni kali! Who wrote this?"

Nikamwambia ni nani aliyeiandika, yuko wapi, na kwa nini hakuja. Kicheko kikamkauka. Aliniuliza maswali mengi, nikayajibu yote, maana lugha ile nilikuwa nimeibishia neno kwa neno. Hapo ndipo alipoiharibu siku yangu.

"Akiru, wewe uko hapa, na hii kitu unaijua. Chukua nafasi."

Nilitoka nje nikampigia Nyakim. Nikamweleza alichosema Bwana Adome.

"Chukua," akasema. "Mimi usinisubiri."

"Nyamaza wewe!" Nikakata simu. Sijawahi kumkasirikia mtu hivyo kwa kunipa kitu. Nikarudi ndani kumuuliza Bwana Adome atamshikia Nyakim nafasi yake kwa muda gani.

"Masomo yanaanza Jumatatu," akasema. "Asipofika Monday morning, mimi siwezi."

Jioni ile ile nilirudi Kakuma. Kuanzia kesho yake tulishinda nje ya ofisi ya vibali, yeye ameketi kwenye jiwe, mimi nikizunguka, nikigonga, nikigombana na askari wa mlangoni kama vile funguo anazo yeye. Ijumaa wakafunga, wakaenda zao. Jumapili Nyakim alikuja nyumbani kwetu, akanikunjia nguo moja moja na kuzipanga kwenye begi. Nilishindwa kumzuia.

Jumatatu asubuhi nafasi ile niliikalia mimi. Mwalimu alianza kutufundisha jinsi ya kuiambia kompyuta irudie jambo, mambo ambayo Nyakim alinifundisha zamani, tena vizuri zaidi. Machozi yalinitoka kwa hasira, yakadondoka juu ya daftari jipya. Mwalimu akaniuliza kama naumwa. Nikasema ndiyo.