Tambi za Odel

...na anazikata, huyu bwana, anazikata kwa ubavu wa kijiko, vipande vipande, mbele ya macho yangu, naye kazaliwa Malabon na mama yake alimfundisha, tulifundishwa sote, kwamba tambi za siku ya kuzaliwa hazikatwi, urefu wake ndio umri wa mwenye siku, lakini Bosi Wency ana haraka, Bosi Wency meneja wa timu yetu ya kikapu, shemeji wa mwenye kiwanda cha sadini, mtu ambaye hajawahi kushika mpira ila wa kupigia picha, anakata, anatafuna, na mdomo umejaa ananiambia, "Panyong, tumalize basi, Kamishna wa ligi anataka karatasi kabla ya saa sita," na karatasi yenyewe iko hapo kati ya sahani yangu na kisosi cha ndimu, Rodelio Catacutan aende timu ya kiwanda cha rangi, Travis Dimaculangan aje kwetu, mmoja kwa mmoja, imebaki saini ya kocha, na kocha ni mimi, na tambi hizi ni za Odel mwenyewe, huyo huyo Rodelio, leo katimiza thelathini na nne, ameamka alfajiri kuzifuata kwa yule mama mpika tambi wa Kapasigan, trei tatu, maana kwetu mwenye siku yake ndiye anayelisha wengine, mbili kawapa wenzake uwanjani na moja katuletea humu ofisini kwa mikono yake, "Kuleni, Bosi, zingali moto," na Bosi akamwambia heri, uishi miaka mingi, mlango ulipofungwa tu akaivuta karatasi kutoka chini ya trei... mimi sijagusa kitu, sahani yangu ipo ilivyopakuliwa, na nataka hawa waione, angalau mtu mmoja chumbani humu ana haya.

"Odel pointi sita kwa mechi," anasoma kwenye simu, "Travis kumi na tisa. Hesabu ya chekechea hii, kaka," na kwa hesabu ya chekechea yeye ni hodari kweli, zaidi ya hapo hawezi, kumi na tisa kati ya mitupo mingapi hasomi, huyo Travis wao kalelewa California, ana miaka miwili hapa na kusema habari za asubuhi kwa lugha yetu bado kumemshinda, anaruka juu watoto wanapiga kelele, akishuka anabaki pale pale amejishika kiuno anasubiri kamera, kurudi nyuma kukaba hajui na hana mpango wa kujua, mwaka jana Odel alimzungusha mara tatu katika robo moja na goti lake hilo bovu, na wakili wetu, Bi Lirio, anayetazama kucha zake tangu tuingie, ananisogezea kalamu kwa kidole kimoja, "Hapo chini tu, Kocha," hapo chini tu, anasema, utadhani ninapokea kifurushi... ukutani upande wa pili mpira unadunda, mara tatu, kimya, wavu, mara tatu, kimya, wavu, wenzake wamekwenda kula na yeye bado anarusha mipira ya adhabu, hawezi kwenda kuoga kabla ya kufunga hamsini, nilimzoesha mwenyewe akiwa na miaka ishirini na mbili, mwembamba, mtoto wa Catbalogan asiyeweza kunitazama usoni, na miaka mitano baadaye nikasimamia harusi yake Antipolo, mimi ndiye Ninong wake, baba yake wa harusi, nilisimama nyuma yake kanisani shati likinibana shingo nikatia saini kwenye cheti chake cha ndoa, saini hii hii wanayoitaka leo, na tangu siku hiyo hajaniita Kocha tena, ni Ninong, mke wangu ni Ninang, kila Krismasi anakuja na wanawe wanatubusu mkono... na timu ya rangi haimtaki, kila mtu anajua, wana waongoza mchezo wanne tayari, watampokea ili hesabu za mikataba zikae sawa, watamkalisha benchi mpaka Juni, kisha basi, hakuna timu nyingine itakayomchukua na goti lile, kwa hiyo nikiandika jina langu hapa nimemstaafisha siku yake ya kuzaliwa, mbele ya tambi zake, hapana, nitakataa, nitasimama niwaambie, Bosi, wewe kauze samaki zako, kikapu tuachie sisi, na huyo mruka juu wako mpeleke sarakasi, nitasema hivyo, nitasema taratibu ili Bi Lirio naye aache kucha zake...

"...si wewe mwenyewe ulisema, Panyong?" nani kasema nini, "ulisema, siku ile kwenye maegesho," na anafuta mafuta kidevuni, hana hasira, anashangaa tu, "goti la Odel limekwisha, ukasema, yule kijana wa timu ya rangi angenifaa, mimi nikaenda kuhangaika wiki nzima, sasa unanung'unikia nini?" na Bi Lirio ananyanyua macho kwa mara ya kwanza, na mpira unadunda, mara tatu, kimya, wavu... nilisema, ndiyo, nilisema pia, usimwambie kuwa ni mimi, ni mwanangu wa harusi, na Wency akacheka akanipiga begani, lakini ilikuwa baada ya mechi, nilikuwa nimechoka, tulikuwa tumeshinda, na hapo ndipo penyewe, tulikuwa tumeshinda, zimebaki sekunde kumi na moja, nimeomba muda, tuko nyuma kwa pointi moja, nimepiga goti na ubao wangu na kalamu imenigandia mkononi, sioni kitu, uwanja mzima unapiga kelele na mimi sioni kitu, na Odel akainama, "Samahani, Ninong," kwa adabu zote, akachukua ubao mkononi mwangu akachora mistari miwili, na vichwa vyote vikamgeukia yeye, vyote, hata daktari wa timu, na tukafunga, kisha mwandishi akauliza, Kocha, ule mchoro ulikuwa wa nani, nikasema wa timu, na Odel kando yangu akaitikia, wa timu, akanifichia, na nilichokichukia ni kule kunifichia, nikatoka hadi maegesho nikitafuta ufunguo wa gari, na Wency akatokea nikasema goti, goti gani, goti lile nimeishi nalo misimu mitatu bila neno... Wency huyu ninayemdharau anataka mfungaji, basi, amelisema waziwazi na chakula mdomoni, hajaficha, na mimi ninayetaka vichwa vile vinirudie nimekaa hapa na sahani yangu safi.

Mpira umenyamaza, mlango unafunguka nusu, ni yeye, taulo shingoni, jasho linamtiririka, "Ninong, Ninang nimemfungia sahani yake, nimeiweka kiti cha mbele cha gari, usiisahau juani," na mkono wa Wency umeshaifunika karatasi kwa gazeti, hodari, na Odel anatazama sahani yangu, "Mbona hujala? Zimepoa?" na nasikia sauti yangu, ya upole, sauti ya kanisani Antipolo, "Nakula, mwanangu, nilikuwa nakusubiri umalize hamsini," anacheka, anafunga mlango, na kalamu iko pale pale ilipowekwa, na Wency anasema, "Haya, Panyong," na mimi nashika uma, nazizungusha polepole, ndefu, sikati hata moja, mama yangu angejivunia, nazipeleka mdomoni zote, kweli zimepoa, na nitatia saini nikishameza.