Dua ya Asiyefunga

Uongo wa Yurub ulianza Jumatatu moja saa ya chakula cha mchana, na ulikuwa mdogo kiasi kwamba ulimtoka kabla hajaufikiria.

Chuo kilikuwa kimefunguliwa juma lililopita, na tangazo likabandikwa ukutani kwamba posho ya chakula haitatolewa tena. Kila mwanafunzi akajitafutia njia. Wavulana waliamkia sokoni kupakia mbuzi kwenye malori. Wengine walizijua harusi zote za Garissa, wakaenda kula pilau kwa mabwana arusi wasiowajua, wakampa mkono baba mtu na kumtakia heri kama ndugu. Nimo, aliyekuwa akiishi chumba kimoja na Yurub, aliwachora mabibi arusi hina. Yurub hakujua hina, wala hakuwa na mabega ya kubeba mbuzi. Baba yake, Maalim Nunow, alikuwa akifundisha watoto Kurani huko Habaswein, na ukame ulikuwa umemmalizia mifugo. Yurub hakuwa na moyo wa kumpigia simu.

Jumatatu hiyo mama mwenye nyumba, muuza anjera ambaye wapangaji walimwita Habo Kaltun, yaani mama mdogo Kaltun, alimkuta amekaa mlangoni akamkaribisha kwenye sinia ya wali na nyama ya ngamia. Tumbo la Yurub lilikuwa likimkata. Lakini aliona haya, binti wa maalim kulishwa kama ombaomba.

"Nimefunga, habo," akasema.

Uso wa Kaltun ulichanua. Magharibi ilipoadhiniwa alikuja mwenyewe na tende, sambusa, uji, anjera, ile mikate yake myembamba ya kumimina, na kikombe cha maziwa. Anayemfuturisha mfungaji hupata thawabu mfano wa zake, na Kaltun hakuwa tayari kuiacha thawabu hiyo ivuke ua wake iende kwa jirani. Yurub alikula mpaka jasho likamtoka. Alhamisi, nayo siku ya funga ya sunna, akasema tena kuwa amefunga. Kisha zikaja siku za mwezi mpevu, kisha siku za kulipa Ramadhani iliyopita, mpaka wanawake wa bulla ile, mtaa wa Kaltun, wakaanza kumtolea mfano kwa binti zao.

Angeweza kufunga kweli, na Nimo alimwambia hivyo hivyo: njaa unayo tayari, tia nia tu. Alijaribu. Lakini hakuwa na daku, na jua la Garissa halina huruma na mtu asiye na daku. Ilipofika adhuhuri darasa lilimzunguka, akarudi chumbani, akatia komeo, akanywa maji na kutafuna anjera aliyoibakiza kwenye futari ya jana.

"Shekha wetu," Nimo alimtania, "swaumu yako ina mapumziko ya saa sita?"

Yurub alicheka naye. Lakini aliposujudu alikosa la kusema. Alikuwa mtu wa kuomba sana, wa kumtaja kila mmoja wa nyumbani kwa jina. Sasa aliinuka haraka kutoka kwenye msala kama mgeni aliyeingia nyumba isiyo yake.

Na hapo Kaltun alikuwa hajamwomba dua bado.

Kaltun alikuwa na binti aliyeolewa Mandera, Saynab, ambaye mimba zake zote zilikuwa zimeharibika. Sasa alikuwa na nyingine, na ilikuwa imefika mbali kuliko zote. Kaltun mwenyewe ugonjwa wa sukari ulimzuia kufunga. Basi jioni moja alikaa karibu na Yurub, akamwita hooyo, kama mama wa Kisomali amwitavyo mwanawe, akamkumbusha kwamba dua ya mfungaji anapofuturu hairudishwi. Akamsihi amwombee Saynab. Tangu siku hiyo, kila magharibi, Yurub aliinua mikono mbele ya mama yule na kuchezesha midomo. Hakuthubutu kutamka kitu. Aliogopa kumtaja mtoto wa watu mbele ya Mungu akiwa na anjera tumboni.

Alhamisi moja alasiri simu ilitoka Mandera. Saynab alikuwa akitoka damu, amekimbizwa hospitali. Wanawake waliopanga kwenye ploti ya Kaltun na majirani walikusanyika uani, mkeka ukatandikwa. Yurub alitoka chumbani akijifuta midomo. Kaltun akamshika mkono, akamkalisha katikati, akamtilia tende kiganjani. Adhana ya magharibi ikaanza.

"Hooyo, tangulia," Kaltun akasema. "Sisi tutaitikia."

Tende ilikuwa ikimnata kiganjani. Nimo, ukingoni mwa mkeka, alikuwa anatazama chini.

"Habo, sijafunga."

Kaltun alidhani ni udhuru wa wanawake. Akampapasa goti, akasema si neno, siku alizofunga zinatosha. Hapo mlango ulikuwa wazi, na Yurub angeweza kutokea hapo akabaki na heshima yake na futari yake.

"Hata hizo," akasema. "Sijafunga hata siku moja. Nilikuwa na njaa tu."

Mama mmoja alivuta istighfari. Sahara, jirani wa nyumba ya pili, akasema kumbe walikuwa wakimnenepesha msomi. Hakuna aliyecheka. Kaltun alimtazama Yurub kana kwamba anamtafuta mtu mwingine nyuma yake.

"Chakula ningekupa hata ukiwa umeshiba," akasema taratibu. "Lakini dua, hooyo? Mwanangu nilimweka mikononi mwako."

Kisha akageuka, akainua mikono yake mwenyewe, akaomba huku sauti ikimkatika. Wanawake waliitikia amina. Yurub aliiweka tende mkekani.

Baada ya isha simu ililia tena. Saynab amejifungua, mzima, na mtoto ni wa kike, mdogo sana lakini analia. Ua mzima ulijaa vigelegele. Yurub aliingia chumbani akalia, kwa furaha, na kwa aibu ya kujua kwamba Mungu hakuihitaji mikono yake hata kidogo.

Asubuhi alikuwa akifunga begi Kaltun aliposimama mlangoni na kumuuliza nani atammiminia anjera, kwani wateja wake wa alfajiri hawangoji. Kazi ikawa hiyo. Yurub aliamka kabla ya adhana, akamimina anjera mpaka mkono ukamchoka, na mchana akala sinia moja na watu wa nyumba. Walizungumza kila kitu, bei ya unga, mitihani, vituko vya Nimo harusini. Ila dua Kaltun hakumwomba tena. Alimwomba Nimo, Nimo ambaye sala yake ya adhuhuri huchungulia alasiri.

Mtoto alipoletwa kutoka Mandera, alipitishwa mkono kwa mkono, na kila aliyempokea, Kaltun alimwambia, "Mwombee." Ikafika zamu ya Yurub. Kaltun alimlaza mtoto mapajani pake, akamtengeneza nguo, akasita kidogo.

"Mshike kichwa vizuri," akasema.

Yurub alimshika kichwa. Kilikuwa na joto, kikipwita chini ya vidole vyake. Akamwombea mtoto, akamwombea mama yake, akamwombea Habo Kaltun, midomo ameifunga kabisa ili asionekane na mtu yeyote akiomba.