Hamsini na Moja Ubavuni

Jana, chakula cha mchana hakijashuka vizuri tumboni, niliota ndoto nikiwa nimevaa viatu na ufunguo wa gari uko mkononi. Nilikuwa nimejinyoosha kwenye kochi kwa dakika kumi tu, kabla ya kushuka bondeni kumchukua Mama hospitali. Mimi ni mwalimu wa hesabu. Kwa kawaida huota nasahihisha madaftari, na hiyo ndiyo ndoto niliyoitarajia.

Lazima nieleze hali ilivyokuwa. Mama alifanyiwa upasuaji wa jicho siku mbili nyuma, na daktari aliniambia neno moja, akalirudia: asitikiswe. Nyuzi za jicho ni nyembamba mno, mtikiso mmoja wa nguvu na kazi yote imekwenda na maji. Nami nakaa mbele ya Soni, ambako lami ikiisha kuna kilomita sita za mawe. Niliogopa, na sioni haya kusema hivyo.

Kwa woga huo nikafanya tunachofanya sote tukiwa na safari ya maana. Asubuhi nilikwenda kwa fundi Singano, nikamwambia ajaze upepo wa kutosha. Ubavuni mwa tairi pameandikwa 51, nikasema aweke hiyo. Singano alijaza, akalipiga teke tairi, likalia ngoma.

"Hapo limeshiba, Mwalimu," akasema.

"Ongeza kidogo," nikamwambia.

Basi, ndoto. Niko uani, jua linawaka, mlango wa dereva uko wazi. Kwenye fremu ya mlango, pale penye kibandiko cha Kijapani ambacho hakuna aliyekisoma tangu gari lishushwe melini, ameketi karani mwenye urefu wa kidole gumba. Ana meza yake na muhuri wake.

"Miaka saba unapita hapa umeinamisha kichwa," anasema, "na hujanisalimu hata siku moja."

Anasema kwa Kijapani. Namwelewa kila neno, jambo linalonikera, maana sikukisoma popote.

"Shikamoo," nasema, kwa kuwa sijui umri wake.

"Marahaba. Thelathini na mbili."

"Ndio umri wako?"

"Ndio upepo wako."

Nikamwambia tutazungumza siku nyingine, nina mgonjwa. Hakubisha. Alinigonga muhuri kwenye kiganja, na muhuri ulipotua nilikuwa barabarani, naendesha, na Mama yuko kiti cha nyuma, kitambaa cheupe jichoni. Sikumbuki kwenda kumchukua. Nilimwangalia kwenye kioo, akaniangalia kwa jicho moja, akawa ametulia kuliko mimi.

Gari linagusa barabara kwa katikati ya matairi tu, kingo zake ziko hewani. Nalijua hilo kwa sababu kila kitu humu ndani kinalika katikati. Chapati nilizombebea Mama zimebaki duara la ukingo. Tai yangu ina fundo na ncha, baina yao hakuna kitu. Tulipofika kwenye kona nikataka kumwambia Mama ajishikilie, lakini silabi za katikati zilikuwa zimekwisha.

"Mama, jilie," nikasema.

"Nijilie nini, na chapati zina matundu?"

Lami ikaisha. Jiwe la kwanza, dogo tu, likabisha hodi kwenye tairi la mbele.

"Nimejaa," tairi likajibu. "Sina hata pa kukuketisha. Pita juu, kwa wenye gari."

Jiwe likapita juu. Nikalisikia likipanda kwenye springi, likapita kwenye kiti changu, likanipanda uti wa mgongo pingili moja moja, likaruka nyuma.

"Baba," Mama akasema taratibu, "kuna mgeni jichoni."

Likaja la pili. Hodi. Nimejaa, pita juu. Likaja la tatu, na hilo lilikuwa na familia. Nikatazama kwenye kioo. Chini ya kitambaa cheupe uzi mmoja ulikuwa umechomoza, unaning'inia, na kila jiwe likipita ulirefuka kwa sentimita moja.

Nikakanyaga breki. Niliikanyaga mbele ya Soni. Tukasimama Mombo.

Wanaoijua barabara hiyo wataelewa. Ni kona zote zile hadi chini kabisa, na sisi tulikuwa tunapanda. Nikateremka nikalizunguka gari kama mtu aliyepoteza kitu. Mombo hapakuwa na mtu hata mmoja, ila joto. Matairi manne yalikuwa yamevimba matumbo, na la nyuma kulia lilikuwa linahesabu kwa sauti ya chini.

"Tisa," likasema. "Jua likizidi kidogo, nane."

"Ukifika sifuri?"

"Nikifika sifuri sipo. Wala ninyi."

Tairi la mbele kushoto likakohoa. "Mwalimu," likasema, "naomba usiniongeze tena."

"Sikukuongeza kwa ubaya," nikasema. "Nimefuata ulichoandika mwenyewe ubavuni. Hamsini na moja."

"Ule ni mwisho wangu, sio chakula changu. Mgeni akikwambia sahani ya tano itamuua, wewe unampakulia ya nne na nusu?"

"Nilitaka mama yangu asitikiswe."

"Umemkalisha juu ya jiwe."

"Nane," likasema la nyuma.

Niliona aibu. Mwaka wa ishirini na mbili huu nasimama mbele ya ubao nikiwafokea watoto wa watu kwamba "isiyozidi" si "sawa na". Kila mtihani wapo wanaochanganya, na kila mtihani nauliza kwenye chumba cha walimu wanafikiri kwa kutumia nini. Tairi halikunikumbusha hayo. Lilinitazama tu, na hiyo ilitosha.

Nikapiga goti, nikabonyeza kile kidomo cha kujazia upepo. Upepo ukatoka ukiwa na sauti yangu. Ongeza kidogo, ukasema. Ongeza kidogo, ongeza kidogo, mara nyingi kuliko nilivyokumbuka kusema. Nahesabu: hamsini, arubaini na nne, thelathini na tisa. Kwenye thelathini na mbili nikaondoa kidole. Tairi likashusha pumzi na kukaa chini vizuri, kingo zake zote zikagusa ardhi.

Nikakimbilia la pili. Nikakimbilia la tatu, jasho linaingia machoni. Lile la nyuma kulia lilikuwa limefika mbili.

"Usiniguse kwa pupa," likasema. "Moja."

Nikaligusa bila pupa. Upepo ukatoka, mrefu, wa moto, na tairi likaacha kuhesabu.

Upepo wote ule haukuondoka. Ulisimama pembeni yangu na kulipeperusha shati langu.

"Sasa mimi niende wapi?" ukauliza. "Nimezoea kazi."

"Nenda popote."

"Popote ni wapi? Niambie mtu."

"Nenda kwa Mama, basi."

"Mama yupi? Yuko wapi?"

Nikageuka kuuonyesha. Kiti cha nyuma kilikuwa kitupu, na mkanda umefungwa.

"Tulia, Mwalimu," upepo ukasema. "Nitamtafuta." Ukashika njia ya bondeni, vumbi likitangulia, mimi nikiufuata kwa miguu nikiita, na midomo yangu haitoi ila mwanzo na mwisho wa jina lake.

Simu ndiyo iliyoniamsha. Nilikuwa kwenye kochi, viatu miguuni, dakika tisa zimepita. Namba ilikuwa ya muuguzi wa wodini, sauti ilikuwa ya Mama.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, baba. Umeshatoka?"

"Ndiyo natoka." Nilikuwa nimeshafika uani, geji ya upepo mkononi, simu nimeibana kwa bega. "Jicho linaendeleaje?"

"Jicho halina neno. Nimepiga nikuulize kitu, wewe uliyesoma. Humu wodini tangu asubuhi tunaiva, feni halizunguki. Sasa hivi umeingia upepo mzuri sana. Umekuja moja kwa moja kitandani kwangu, kwa wenzangu haukwenda, na madirisha yamefungwa."

"Umekutikisa?"

"Hata kidogo. Umenipepea tu. Ila unanuka mpira."

Nilikuwa nimechuchumaa kwenye tairi la nne. Matatu nilikuwa nimeshayapima, yamepungua bila kuguswa, na nilikuwa natafuta namna ya kulisema jambo hili kwa mtu mwenye miaka sabini na tisa.

"Umetoka kwenye matairi, Mama," nikasema.

Nilimsikia akijigeuza kitandani.

"Na wa kunirudishia nyumbani umebakiza?"

Nikaisoma geji. "Thelathini na mbili," nikamwambia. "Kote."