Siku Saba Ukutani

Qu Fengxian ndiye aliyeniazima televisheni, na Qu Fengxian ndiye aliyenishtaki kwamba nina televisheni. Naanza na hilo ili msije mkadhani nina chuki za bure.

Jina letu lilibandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya kijiji siku ya Jumatatu. Kwetu, ukiomba msaada wa serikali wa kaya zisizojiweza, kwanza majirani wanakaa kikao wanakujadili, wanahesabu kuku wako na viatu vya mwanao, halafu wananyoosha mikono. Ukipita, karatasi yenye jina lako inakaa ukutani siku saba mfululizo, pamoja na ugonjwa wa mumeo, ili mwenye kinyongo aje aseme. Kila asubuhi Katibu Pang anaupiga ukuta picha kwa simu na kuituma kwa maofisa wa tarafa.

Mume wangu Baotian figo zake zimekufa zote mbili. Mara tatu kwa wiki anapanda basi kwenda hospitali ya wilaya kusafishwa damu kwa mashine. Tukiwa kwenye orodha, serikali inabeba karibu gharama yote. Bila orodha, tungeuza nguruwe wawili tulionao, tungefika mavuno, basi. Daktari hakunizungusha. Aliniambia mtu wa aina yake akiacha mashine hamalizi wiki mbili.

Fengxian nyumba yake imepakana na yangu. Mwaka jana mama mkwe wake aliomba msaada huohuo, nami kwenye kikao sikunyoosha mkono, maana yule bibi alikuwa na hereni za dhahabu masikioni na kila mtu anaziona. Nilisema wazi: auze hereni kwanza. Kumbe zilikuwa za mahari yake, alizivaa miaka hamsini. Aliziuza, na majira ya baridi akafariki. Fengxian hakunitukana hata siku moja, na hilo ndilo lingenishtua kama ningekuwa na akili.

Sasa mwanangu Shaoqing ana miaka thelathini na mbili na hana mke. Kijijini kwetu wasichana wamehamia mijini wote, kijana wa umri wake akipata wa kumtazama mara mbili ni bahati. Akampata Wenjuan huko kiwandani wanakoshona viatu. Watu wa msichana wakasema watakuja kuona nyumba siku ya Jumamosi. Siku ya sita ya karatasi yetu, na njia ya kuja kwangu inapita pale ukutani.

Kuona nyumba kwetu si kunywa chai. Mama wa msichana hufunua mtungi wa mchele, hugonga kuta, huingia mpaka chooni. Kwa hiyo kila mtu huazima vitu, na kila anayekuja anajua vimeazimwa, lakini anataka kuona kama una watu wa kukuazima. Gari jeupe nililipata kwa binamu ya Baotian. Makochi, kwa mwalimu. Fengxian alikuja mwenyewe bila kuitwa.

"Mama Shaoqing, utamkalisha mkwe mbele ya kile kitelevisheni chako? Watadhani ni tanuri la mkate. Njoo uchukue yangu."

"Nitakurudishia Jumapili."

"Haraka ya nini? Sisi si majirani?"

Alinipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, nami nikageuka vizuri apake na upande wa pili.

Jumamosi alfajiri nikaenda ukutani na gundi. Nilikuwa nimepata tangazo la chakula cha nguruwe, kubwa, lina picha ya nguruwe mwekundu anacheka. Nikalibandika juu ya jina letu. Nilitaka likae mpaka wageni waondoke, jioni nilibandue. Siku moja tu. Sikumfikiria Katibu Pang na simu yake. Miaka yote hii kijijini nimeogopa macho ya watu, sikuwahi kufikiria kuogopa simu.

Wageni walifika saa nne. Mama Wenjuan alikuwa mwanamke mnene mwenye macho ya mtu wa sokoni. Alifunua mtungi wa mchele, akagonga kuta, akaketi kwenye kochi la mwalimu na kuanza kubangua mbegu za alizeti.

"Nyumba ina hewa," akasema. "Na baba mwenyewe, mbona rangi imempotea?"

"Tumbo," nikasema. "Alikula vibaya jana."

Baotian alitabasamu. Alikuwa amevaa mikono mirefu kufunika mkono wanakomchoma sindano. Wenjuan alikaa karibu na Shaoqing akimmenyea chungwa, na mwanangu alikuwa na uso ambao sijauona tangu akiwa mtoto. Niliona kabisa jambo limeiva.

Ndipo akaingia bwana Lai kutoka tarafani, na Katibu Pang nyuma yake, na Fengxian nyuma ya Katibu Pang, mikono mfukoni.

"Nani kabandika nguruwe juu ya tangazo la serikali?" akauliza Lai, hata hodi hakupiga. Macho yake yakaenda kwenye televisheni, yakatoka nje kwenye gari, yakarudi. Akatoa simu, akapiga picha. "Mmeomba msaada wa wasiojiweza, si ndiyo? Tumeletewa malalamiko kwamba mna gari na televisheni ya inchi sitini na tano. Sasa naviona. Ni vya nani?"

Mama Wenjuan aliacha kubangua mbegu.

"Mimi nilipita tu," akasema Fengxian. "Nilisikia kelele."

Hakukuwa na kelele yoyote. Shaoqing aliniambia, "Mama," mara moja, taratibu, nami nikaelewa anachoniomba. Nikatafuta uongo wa tatu, wa kuwaridhisha wote wawili, yule wa simu na yule wa mbegu. Sikuupata.

Baotian akajibu kabla yangu. Alisimama kabisa, akishika mgongo wa kochi.

"Ni vyetu," akasema. "Gari, televisheni, vyote. Tulidanganya kwenye fomu. Futa jina."

Lai akachukua kalamu. Baotian hakunitazama. Alimtazama mwanawe, na alikuwa ametulia kama mtu aliyekwishafunga mizigo yake. Hasira iliyonipanda pale sijawahi kuwa nayo kwa Fengxian wala kwa mtu yeyote. Miaka thelathini na tano namfulia, naye anataka kufa mbele ya wageni kwa adabu.

"Mwongo," nikasema. "Bwana Lai, usiandike. Gari la binamu yake. Makochi ya mwalimu. Vikombe mnavyonywea ni vya ofisi ya kijiji, Katibu, geuza uone mhuri. Na huyu hana tumbo, hana figo. Asipokwenda Jumatatu mtamzika." Nikamkunja mkono wa shati wakaona yale mavimbe ya sindano. "Nguruwe nimembandika mimi."

"Na televisheni?" akauliza Lai.

"Muulize huyo."

Fengxian akatazama dari. "Televisheni? Siijui."

"Basi ni yangu," nikamwambia. "Bwana Lai, andika hivyo, umemsikia. Kesho naiuza, nalipia mashine."

Fengxian alimeza mate. Nilimwona akiipima hasira yake na inchi sitini na tano.

"Ni yangu," akasema.

Lai alikata alichokuwa ameanza kuandika. Akasema karatasi mpya itabandikwa Jumatatu na siku saba zitaanza upya, na akiona nguruwe tena atanipeleka mbele ya sheria. Mama Wenjuan alikung'uta maganda kwenye sketi yake, akashukuru kwa chai. Wenjuan alilia mlangoni, lakini alikwenda. Shaoqing alipanda treni ya jioni ileile bila kula. Hajapiga simu.

Fengxian na mumewe walikuja kubeba televisheni. Mlangoni akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Hereni alizivaa miaka hamsini."

Jumatatu asubuhi nilimvalisha Baotian koti, nikamsindikiza kituoni, tukapita ukutani ambapo Katibu Pang alikuwa anabandika karatasi. Basi likaja, mlango ukafunguka. Hakupanda.

"Nilikuwa nimeshasema," akaniambia. "Nilikuwa nimeshakubali. Mtoto angeoa. Ungeniacha tu."

Dereva alipiga honi.

"Panda basi," nikamwambia.